Mali Bila Daftari: Muundo wa Taasisi na Hatima ya Maarifa katika Idara za Kiswahili

Utangulizi

Katika stoo ya idara moja ya Kiswahili humu nchini, ambayo sitaitaja, pana maboksi matatu yaliyojaa kanda za kaseti. Niliyaona kwa mara ya kwanza nilipokuwa nikitafuta data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu nyimbo za harusi. Kanda hizo zilirekodiwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, yamkini katika miaka ya 1980 na 1990, walipotumwa nyanjani kukusanya fasihi simulizi. Juu ya moja pameandikwa "Kundi la 4, nyimbo". Juu ya nyingine pana jina la kijiji tu. Hapana tarehe, hapana jina la fanani, wala la aliyerekodi. Nyingi zimeota ukungu. Mhadhiri aliyezisimamia alistaafu kitambo, na aliyepokea ofisi yake hakuwahi kuambiwa kuwa zipo. Nilipomwuliza karani wa idara ni nani mwenye dhamana ya kanda hizo, alicheka, akanijibu kuwa yeye huyahesabu maboksi tu, wakati wa ukaguzi wa samani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni wosia kwa mfanyabiashara. Makala haya yananuia kuitumia kwa mali ya aina nyingine, yaani maarifa ambayo idara zetu huyazalisha kila mwaka: tasnifu, data za nyanjani, istilahi zilizobuniwa, mihadhara, na uzoefu wa walimu waliobobea. Hoja yangu ni kwamba maarifa haya hayapotei kwa sababu watu wetu ni wavivu au hawaipendi lugha. Yanapotea kutokana na jinsi taasisi zilivyoundwa: nani ana wajibu gani, nani hutuzwa kwa lipi, na mtu anapoondoka, alichokuwa nacho kinaachwa mikononi mwa nani.

Maarifa ya aina mbili

Katika taaluma ya usimamizi wa maarifa pana tofauti ya kimsingi baina ya maarifa dhahiri na maarifa fiche. Maarifa dhahiri ni yale yanayoweza kuandikwa, kuhesabiwa na kuwekwa rafuni. Maarifa fiche ni yale aliyo nayo mtu kichwani na mikononi, ambayo mara nyingi hawezi kuyaeleza kikamilifu hata akitaka. Mwanafalsafa Michael Polanyi ndiye aliyelifafanua wazo hili katika kitabu chake cha 1966. Baadaye Wajapani wawili, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi (1995), walilichukua na kulijengea nadharia kutokana na makampuni ya kwao. Mfano wao mmoja ni wa kampuni ya Matsushita. Mafundi wake walikuwa wakiunda mashine ya kuokea mikate nyumbani, lakini mashine ikawa haikandi unga ipasavyo. Vipimo vyote havikuwafaa kitu hadi mmoja wao alipokwenda kujifunza kukanda kwa mwokaji wa hoteli moja mjini Osaka. Alirudi na kitu ambacho hakikuwa katika kitabu chochote.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Osaka ili kuuelewa mfano huu. Malenga na mwanagenzi wake, manju na waitikiaji wake, fundi wa jahazi na mshika msumari wake: wote hawa waliishi kwa utaratibu huo huo. Mwanagenzi alikaa, akasikiliza, akakosea, akasahihishwa. Nonaka na Takeuchi wanasema kuwa maarifa huzunguka katika hatua nne: hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa kuishi na kutenda pamoja, hutolewa kichwani na kuwekwa katika maneno, maandishi huunganishwa na maandishi mengine, hatimaye msomaji huyatia katika vitendo hadi yakawa yake. Taasisi ikivunja hatua mojawapo, mzunguko hukatika.

Safari ya tungo za Muyaka

Nadhani hakuna mfano bora zaidi wa mzunguko huu katika fasihi yetu kuliko tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Muyaka alitunga kuhusu mambo ya siku zake, yakiwemo mapambano ya Mazrui wa Mombasa na watawala wa Oman. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu. Kwa muda wa takriban nusu karne baada ya kufa kwake, hifadhi yake kuu ilikuwa ni kumbukumbu ya wenyeji wa Mji wa Kale.

Aliyezitoa vifuani na kuzitia karatasini ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka wa 1890. Yeye alizikusanya kwa watu waliozikumbuka, akaziandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa wakati huo, ambaye alizinakili na kuziongezea maelezo. Karatasi za Taylor hatimaye zilifika London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Kutokana nazo William Hichens alihariri Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka wa 1940. Kisha Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akazirejea upya na kuchapisha uchunguzi wake kuhusu Muyaka mwaka wa 1979, safari hii hapa nyumbani.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, kilichookolewa hakikuwa mishororo tu, bali pia maelezo: shairi hili lilimlenga nani, lile lilitokana na kisa gani, neno fulani la Kimvita lilimaanisha nini enzi hizo. Bila maelezo hayo tungo nyingi za Muyaka zingekuwa kwetu mafumbo yasiyofumbulika, kwani mtunzi aliwasemesha watu waliojua tayari anachokizungumzia. Linganisha na kaseti ya Kundi la 4. Hata sauti ikisikika, nani atatuambia wimbo ule uliimbwa na nani, wapi, wakati gani wa sherehe?

Pili, kila hatua ilikuwa na mtu na mahali. Sikujua alikuwa mwalimu aliyeheshimika mjini. Maktaba ya London ilikuwa na mtu aliyeajiriwa kupokea karatasi, kuziorodhesha na kuzitunza. Inauma kukiri kwamba hazina ya Mombasa ilisalimika kwa sababu ilihama Mombasa, na kwamba kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kiswahili aliyetaka kuiona miswada asilia alihitaji nauli ya ndege. Siku hizi sehemu ya miswada ya Kiswahili ya SOAS yaweza kusomwa kupitia intaneti. Hata hivyo, swali linabaki: kwa nini kilichokosekana kwetu kilikuwa kabati, orodha na mtu wa kushika ufunguo, wala si wataalamu?

Kamati iliyohamahama

Mfano wa pili unahusu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwanzoni mwa mwaka wa 1930 na serikali za kikoloni za Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Tunaweza kuilaumu Kamati hiyo kwa mengi. Katika miaka yake ya mwanzo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wajumbe, na watu wa Mombasa hawajaisamehe hadi leo kwa jinsi Kimvita kilivyowekwa kando. Lakini kwa upande wa utunzaji wa maarifa ina jambo la kutufunza.

Makao yake yalihama mara kwa mara: yalianzia Dar es Salaam, yakahamia Nairobi mwaka wa 1942, Makerere mwaka wa 1952, kisha Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hatimaye yakarudi Dar es Salaam. Mwaka wa 1964 Kamati ikawa sehemu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo tangu 2009 imo ndani ya TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ungetarajia kwamba karatasi zingepotea njiani. Hazikupotea zote, na sababu kuu ni kwamba muundo wake ulikuwa na vitu viwili visivyohama: cheo cha katibu na jarida. Katibu wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye aliyesimamia kazi ya kamusi zilizotoka mwaka wa 1939. Jarida, ambalo sasa linaitwa Kiswahili, lilikuwa daftari la Kamati: kila neno lililojadiliwa na kila swali lililoulizwa kutoka bara au pwani lilipata ukurasa. Katibu alibadilika, mji ulibadilika, daftari likaendelea.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa mwaka wa 1970, Taasisi ilibaki Dar es Salaam pamoja na maktaba yake na miswada iliyokusanywa na J. W. T. Allen, ambaye orodha yake ilichapishwa mwaka huo huo. Kenya haikurithi taasisi ya namna hiyo. Ilirithi idara za kufundishia, na idara ya kufundishia huhesabu wanafunzi na saa za mihadhara. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima, mahitaji ya walimu yaliongezeka ghafla. Idara zikawa viwanda vya walimu. Sikulaumu jambo hilo, kwani mimi mwenyewe ni zao lake. Ila kiwanda kinachokimbizana na idadi hakipati wasaa wa kupanga ghala lake.

Hali ilivyo katika idara zetu

Kipengele cha kwanza cha kimuundo ninachotaka kukijadili ni mpaka kati ya idara na idara. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi za Kiafrika, simulizi zikiwemo, ziwekwe katikati ya masomo. Matokeo yake yalikuwa makubwa: wanafunzi walianza kutumwa vijijini na vinasa-sauti. Hilo ni thibitisho kwamba uamuzi wa kitaasisi waweza kuzalisha maarifa ambayo hayakuwapo. Lakini katika vyuo vyetu vingi masimulizi sasa yanafundishwa mara mbili: idara ya fasihi huyafundisha kwa Kiingereza, na idara ya Kiswahili huyafundisha kwa Kiswahili. Vikundi viwili huweza kwenda kijiji kimoja katika muhula mmoja, wakamhoji bibi mmoja, na data zao zikaishia katika stoo mbili zisizojuana. Bibi naye hukaa akijiuliza hawa watoto wa chuo wana kichaa gani.

Kipengele cha pili ni tuzo. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala aliyochapisha, vitabu, na wanafunzi aliowasimamia hadi kuhitimu. Hakuna alama anayopata kwa kuorodhesha kanda mia mbili, kuandika maelezo ya miswada, au kumwachia mrithi wake mpangilio mzuri wa kozi. Kazi hizo humla muda ambao angeutumia kuandika makala. Kila mwamba ngoma huivutia kwake; basi tusishangae kwamba ngozi ya ngoma hii haina anayeivuta. Isitoshe, pale ambapo nafasi ni chache na washindani ni wengi, data huwa mtaji. Nimewahi kusikia mtafiti akisema kuwa hawezi kumpa mtu rekodi zake kabla "hajazimaliza", ilhali zina miaka kumi na tano. Sidhani kuwa ni mchoyo. Anajua kuwa akizitoa, hakuna utaratibu wa kuhakikisha kuwa jina lake litatajwa.

Cha tatu, na ambacho kwa maoni yangu ndicho kizito zaidi, ni ajira. Sehemu kubwa ya ufundishaji katika vyuo vyetu inabebwa na wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kozi, mara nyingi kwa kuchelewa, nao hufundisha katika vyuo viwili au vitatu ili wajikimu. Mhadhiri wa namna hii hana ofisi, hana kabati, na hahudhurii mkutano wa idara. Anaingia darasani na mkoba, anatoka nao. Maarifa yake yote yamo katika mkoba huo. Muhula ukiisha na mkataba usipohuishwa, kozi nzima huondoka naye, na atakayekuja baada yake ataianza upya kutoka sifuri. Wala hatuna haki ya kumdai aache chochote, maana idara haikumpa mahali pa kukiacha. Vyuo vikuu vishiriki vilipopandishwa hadhi na kuwa vyuo kamili, hasa mnamo 2012 na 2013, jambo hili lilienea: idara changa zilianzishwa na watu wawili watatu waliotoka idara mama na maarifa fiche ya miaka mingi, lakini bila nakala ya maandishi yoyote.

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19 na masomo yakahamia mtandaoni, pazia lilifunuka kidogo. Baadhi ya kozi zilikuwa na mihadhara iliyopigwa chapa na kupangwa. Nyingine zilikuwa karatasi za rangi ya manjano ambazo mwenyewe tu ndiye aliyeweza kuzisoma. Tofauti hiyo haikuhusu umri wa mhadhiri wala ujuzi wake wa kompyuta. Ilihusu kama idara iliwahi kumdai nakala.

Je, teknolojia itatuokoa?

Wapo wanaoamini kwamba suluhisho ni hazina za kidijitali. Vyuo vyetu vikuu kadhaa vinazo, vikitumia programu ya DSpace, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2002 na ambayo haina ada ya leseni. Ni hatua njema. Hata hivyo, anayetafuta tasnifu za Kiswahili humo hukumbana na ajabu: mara nyingi kazi imeandikwa kwa Kiswahili lakini maneno ya kutafutia yamewekwa kwa Kiingereza, kwa kuwa aliyeipakia ni mfanyakazi wa maktaba asiyeshauriana na idara. Ukiandika "uhakiki wa mitindo" hupati kitu. Ukiandika neno la Kiingereza, kazi kumi zinajitokeza. Katika maktaba za kawaida pia, zile zinazofuata mfumo wa Library of Congress, fasihi yote ya Kiswahili imesongamana chini ya PL 8704, tenzi na riwaya na tamthilia bega kwa bega. Mashine hufuata muundo ilioukuta.

Istilahi nazo ni ushahidi. Kifaa kimoja kinaitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kutegemea ulisoma wapi na kitabu cha nani. Wingi wa majina si dhambi. Lugha hai huwa hivyo. Tatizo ni kuwa hatuna mahali pamoja ambapo mwalimu wa Busia au Voi anaweza kuona neno lilibuniwa na nani, lini, na kwa hoja gani. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Zanzibar mwaka wa 2015, ina nafasi ya kuwa daftari hilo, lakini itapokea tu kile ambacho idara zimekihifadhi.

Tuanzie hapa kwetu

Ni rahisi kuwanyooshea kidole wakuu wa vyuo. Acha nikinyooshe kwetu. Chama chetu huchagua viongozi wapya kila mwaka. Mhariri huondoka na kipakatalishi chake, na ndani yake mna makala yaliyohaririwa, anwani za waandishi, na nakala za matoleo ya awali. Nilipojaribu kupata matoleo yote ya jarida hili nilikosa kadhaa. Hayamo maktabani, hayamo ofisini, na waliokuwa wahariri wanadhani kuwa fulani anayo. Hapa hakuna kisingizio cha bajeti. Pana kasoro ya katiba: tuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mhariri, lakini hatuna mtunza kumbukumbu. Napendekeza cheo hicho kiongezwe, muda wake uwe miaka miwili ili mwaka mmoja aufanye pamoja na mrithi wake, na asiyekabidhi asitiwe sahihi katika fomu yake ya kuondokea.

La pili ni la nyanjani. Kabla ya kibali cha utafiti kutolewa, NACOSTI humtaka mtafiti aahidi kuwasilisha nakala ya ripoti yake ya mwisho. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hawadaiwi hata hilo. Tumeandaa fomu ya ukurasa mmoja ya kuambatishwa na kila rekodi: jina la fanani na idhini yake, mahali, tarehe, lugha au lahaja, tukio lililofanya utungo utolewe, jina la aliyerekodi na anapopatikana. Mwalimu mmoja wa somo la fasihi simulizi amekubali kutosahihisha kazi yoyote isiyo na fomu hiyo kuanzia muhula ujao. Imechukua mazungumzo ya dakika ishirini tu kumshawishi, jambo lililonifanya nijiulize kwa nini hatukumwomba mapema.

Ama yale maboksi matatu, mkuu wa idara ametupa ufunguo. Wenzangu wawili nami tumejaribu kuzicheza kanda kumi na moja kwa redio ya zamani tuliyoazima, na saba zimetoa sauti tukaihamishia kwenye kompyuta. Katika ile ya Kundi la 4 kuna mama anayeimba nyimbo nne za harusi, kisha anakatiza wimbo wa tano na kueleza kwa nini huimbwa tu baada ya bibi harusi kuingizwa ndani. Mwanafunzi anamwuliza jina lake, naye anaanza kujibu, kisha kanda inakatika. Yeyote aliyekuwa katika kundi hilo, au anayemjua aliyekuwamo, anaombwa awasiliane na mhariri.